Niliua Matumbawe, Mama Mkwe Akabeba Lawama

Kosa ni langu peke yangu. Naanza hivyo kwa sababu nimeshawaambia wanaohusika, na mmoja wao amekataa kabisa kuniamini.

Mimi ni Mnyambo wa Ihembe, nimeolewa na mwenye duka Nyaishozi ambaye kwao ni Tanga. Baba mkwe alipofariki, mume wangu alimleta mama yake tuishi naye. Mama aliitamani bahari mpaka chakula kikawa hakipiti. Basi mwanawe akamtengenezea sebuleni tangi la kioo lenye maji ya chumvi, akaweka matumbawe aliyouziwa na mfugaji wa Dar es Salaam. Msidhani ni mawe. Ni viumbe hai, vina nyama laini ya rangi juu ya mfupa mweupe. Mama akimaliza kuswali alikuwa anakaa hapo na tasbihi yake, na kila Ijumaa anafukiza udi.

Mume wangu alisafiri kwenda Mwanza kufuata mzigo. Aliniachia kazi moja: maji yakipungua niongeze maji yasiyo na chumvi, maana yanayokauka ni maji tu, chumvi inabaki.

"Na ukiona nyama inabanduka, nipigie saa yoyote," akasema.

Maharage yalikuwa tayari shambani. Nilikuwa natoka mapema, narudi hoi, tangi nalipita kama kabati. Nilipokuja kulitazama, maji yameshuka, na tumbawe moja nyama imeanza kubanduka kutoka chini, mfupa uko wazi. Nikaogopa kumpigia mume wangu.

Jioni mume akapiga. "Vipi huko?"

"Salama, yote mazima," nikajibu. Uongo ulitoka bila hata kukwama.

Kesho yake weupe ulikuwa umepanda. Nikachukua koleo la kukatia waya dukani nikakata sehemu mbovu. La pembeni nalo nikaliona lina doa, nikalikata, nikahamia jingine, kwa koleo lile lile, bila hata kulisafisha. Mimi huyu! Shambani mgomba ukipata mnyauko, sigusi mwingine kabla sijapitisha panga motoni. Kwetu hilo tunalijua tangu utoto. Ila moyoni bado nilikuwa nayaona ni mawe.

Ugonjwa ukaenea tangi zima. Nyama ilikuwa inaachia vipande vipande na maji yakaanza kunuka.

"Mwanangu, mbona yanageuka meupe?" Mama akaniuliza.

"Yanajivua ngozi, Mama. Yatarudi." Nilimdanganya mtu mzima machoni.

Mume alirudi siku ya Ijumaa. Alisimama mbele ya tangi na begi lake bado begani. Nyumba nzima inanukia udi.

"Mama, si nilikuomba moshi usikaribie hapa?"

Mama akakitazama chetezo chake. "Basi ni mimi, baba. Nisamehe."

Nilikuwa mlangoni nimeshika sinia la chai. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Nikaweka sinia mezani, nikamimina chai.

Hakumgombeza mama yake. Alimwaga maji, akatoa ile mifupa, hakusema neno, na kimya kile kilimuumiza Mama kuliko matusi. Akaacha kufukiza. Akaacha kukaa sebuleni. Baadaye akaomba apelekwe Tanga kwa binti yake, na siku ya kuondoka alinishukuru kwa kumtunza.

Nilikonda. Mwishowe nikamweleza mume wangu kila kitu. Akampigia Mama, akanipa simu. "Mwambie mwenyewe."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwambia yote: maji, koleo, uongo. Nilikuwa nalia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa upole.

"Wewe una moyo mzuri. Unanibebea lawama ili nirudi. Mimi najua ni udi wangu, mwanangu. Usijisingizie."

Nikamwapia. Akasema nisiape kwa ajili yake. Mume wangu naye alimpigia, Mama akamwambia mkeo anakupenda, mtunze.

Wewe unayesoma, ukiharibu kitu sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajaichukua lawama yako akaizoea. Mimi nimempigia Mama tena na tena. Kila nikimweleza, ananiombea dua kwa wema wangu.