Kamera ya Mfuko wa Shati na Kiande cha Kianyaga

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nilitoka shule darasa la nne, nikasukuma mkokoteni wa kabichi sokoni Karatina, na leo niko na lori tatu za mawe na nyumba ya ghorofa hapa Othaya. Mabroka wamejaribu kunila, wakaliwa wao. Sasa mtu kama huyo, akifunga safari ya kwenda Kianyaga kwa ngurario ya kijana wake, aogope nini? Tena aogope kitu cha ukubwa wa kiberiti?

Mke wangu, Mama Muriuki, alikuwa hospitalini amevunjika nyonga, hawezi kuketi sembuse kupanda gari. Na ngurario ndiyo siku ambayo kijana anakata bega la kondoo, sisi huita kiande, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Akishakata, msichana ni mke wake na hakuna wa kubisha. Mama Muriuki aliniita pale kitandani, akaniambia, "Baba Muriuki, mengine utanisimulia. Mimi niletee picha ya mtoto wangu akikata kiande."

Wakwe walikuwa wameweka sharti. Ngurario ya binti yao wa kwanza vijana waliitupa yote mtandaoni, mpaka idadi ya mbuzi, kwa hivyo safari hii simu zote zingekusanywa mlangoni. Mpiga picha angekuwa mmoja, atoke upande wetu. Kuna kijana wa Karatina aliyetaka elfu kumi na tano. Nilicheka. Niliambia kamati ya harusi, hiyo kazi ya picha niachieni mimi.

Ijumaa, Nyeri mjini. Niliingia duka la vitu vya umeme nikaomba kamera nzuri. Msichana wa duka akanitolea hii, nyembamba kama kitambulisho, rangi ya fedha. Nikaitia mfuko wa shati, nikajitazama kwenye kioo cha dukani, hata haikuonekana. Nikaipenda hapo hapo. Msichana akaanza kunieleza ati unabonyeza nusu kwanza, unangoja ilie, halafu unamalizia. Nikamwambia mtu ambaye amepasua mawe miaka ishirini hafundishwi kubonyeza. Akanifungia pamoja na kadi ya picha na kitabu chake cha maelezo. Kitabu hicho mpaka leo hakijafunguliwa.

Jumamosi alfajiri tuliondoka Othaya, mimi mbele na pikapu, wazee nyuma katika basi dogo la kukodi. Nisiseme uongo: asubuhi hiyo kamera ilinipendeza. Mlima ulikuwa umejifunua wote. Nilisimama kando ya barabara, nikaitoa kwa mkono mmoja, nikapiga. Theluji ile unaweza kuihesabu. Nikapiga majani ya chai yakiwa na umande, nikapiga buni mbivu karibu kabisa, mpaka mdudu aliyekuwa juu yake ukaona miguu. Haina uzito, haining'inii shingoni kama kengele ya ng'ombe, na ukiitoa hakuna mtu anayekimbia kujipanga.

Karatina, jua likiwa limechomoza vizuri, nilisimama kununua ndizi za kupeleka. Mama mmoja wa karoti, ambaye ananijua tangu enzi za mkokoteni, aliiona mkononi mwangu.

"Hiyo ni kamera ama ni kiberiti?"

"Ni kamera, mama. Ya kisasa."

"Basi chunga usije ukawasha nayo sigara."

Akacheka yeye na wenzake. Nikampiga picha akiwa bado anacheka. Nilipoangalia, alikuwa amenipa mgongo, amegeukia mteja. Nikaona ni yeye mwenye haraka. Kumbe kamera ilikuwa imenionya mapema, na mimi kuonywa sijazoea.

Tukapita Kagumo na Kerugoya. Mawingu yakashuka. Tulipofika Kianyaga adhuhuri kulikuwa na manyunyu yale ya upande wa mlima, na wakwe walikuwa wamefunga hema zito la kijani, pande zote nne. Ndani mwanga ulikuwa kama wa jikoni. Mlangoni kulikuwa na bibi na kiondo, kila mtu anatumbukiza simu. Mimi nikaitoa kamera yangu juu, nikasema kwa sauti kwamba mpiga picha ndiye huyu. Mzee Njagi, msemaji wa wakwe, aliitazama, akanitazama.

"Muthoni," akaniambia, maana wakwe kwetu huitana hivyo, "ile kubwa umeacha kwa gari?"

"Hii inatosha."

Wakati ulipofika, kondoo aliletwa juu ya majani ya ndizi. Muriuki akapewa kisu. Wawira, bibi harusi wake, akasimama upande wake na sinia. Mimi nilikuwa mbele kuliko watu wote, magoti yakigusa majani. Nikainua kamera, nikamwona kijana wangu kwenye kile kioo kidogo, mzima kabisa, kisu kimeshika kiungo. Nikabonyeza mpaka mwisho.

Haikupiga. Ilitoa taa nyekundu, ikaanza kutafuta, ndani nje, ndani nje, kama mzee anayetafuta miwani. Kisha kioo kikawa cheusi. Nikasikia watu wakipiga vigelegele. Ndipo mwanga wake ukawaka.

Nilitazama nilichopata. Kidole changu upande mmoja. Katikati, kisu kimelala juu ya jani. Pembeni, mkono wa Muriuki ukifutwa kwa kitambaa.

Nilifanya kile ambacho mwanamume yeyote aliyeahidi angefanya. Nilisimama nikaomba wazee kijana arudie kidogo tu, kwa ajili ya mama yake. Muriuki akainamisha kichwa.

Mzee Njagi akachukua muda wake kukohoa. "Muthoni, kiande hukatwa mara moja. Huyu akikata cha pili, tuambie umekuja kuchukua msichana yupi mwingine, tumwite avae."

Watu wakacheka mpaka nguzo zikatikisika. Sauti kutoka nyuma ikasema niachwe, kwao Nyeri mume akirudi bila picha hafunguliwi mlango. Wakacheka tena. Wazee wakaenda kando, wakarudi na uamuzi: faini ya kondoo mmoja, kwa kutaka kurudisha jambo lililokwisha.

Mimi sibishani na bei. Nilitoa elfu kumi na nne pale pale, taslimu, nikaziweka mkononi mwa Mzee Njagi, kisha nikamwambia haya, sasa akate.

Akazihesabu akazitia kotini. "Hiyo ni ya kuuliza," akasema. "Ya kukata haipo."

Tulirudi jioni na sikusimama popote kupiga picha ya kitu chochote. Basi kama wewe unataka picha ya mlima, ya buni, ya kuku aliyelala, nunua kamera hiyo, itakutumikia. Ni kamera ya vitu vinavyongoja. Kitu kisichongoja, lipa mwenye kamera kubwa na umtilie chakula.

Jumapili, baada ya kanisa, nilienda hospitalini. Mama Muriuki alikuwa amechanwa nywele na wauguzi, ananingoja. Nikampa kamera. Akatazama mlima, akatazama chai, akatazama mama wa karoti kwa mgongo. Akafika kwenye kisu. Akarudi nyuma, akaenda mbele, akidhani ameruka moja.

"Umenipigia kisu," akasema.

Nikaanza kumweleza habari za mwanga na hema. Hakusikiliza.

"Basi niambie wewe. Alikata mara moja ama alihangaika? Alicheka?"

Watu wote katika lile hema walimwona, hata watoto waliopanda viti, hata yule bibi wa kiondo. Mimi babake, niliyekuwa karibu naye kuliko wote, nilikuwa natazama kioo cheusi.

"Sijui," nikamwambia.

Akanirudishia kamera, akageuza uso ukutani.

Kamera elfu tisa, kadi yake shilingi mia sita na hamsini, kondoo elfu kumi na nne. Shilingi elfu ishirini na tatu, mia sita na hamsini. Yule kijana wa Karatina alitaka elfu kumi na tano.