Ndege au Boti ya Pemba

Juzi, katika ofisi ya tikiti ya mtaa wa Ruwi, huku Uarabuni, mbele yangu alisimama mama anayetaka kuvuka kutoka Unguja kwenda Pemba.

"Mama, panda ndege tu," alisema dada Mkenya wa kaunta. "Ni nusu saa. Ila mzigo mwisho kilo kumi na tano."

Mama akaugusa kwa mguu mfuko aliotoka kuununua. "Na halua ya watu je?"

"Basi boti. Lakini bahari imechafuka."

"Nnajua, mwanangu. Mimi hutapika mpaka tufike." Akashusha pumzi. "Nikatie boti."

Sikuweza kumcheka. Mwaka jana nilipanda ndege, nikashuka Pemba na mkoba mmoja. Mpaka leo shangazi yangu ananiuliza kama mizigo imeshafika.