Mkia wa Punda wa Mwanangwa

Tekla wa Ntalikwa alikuwa mjane mwenye mbuzi wengi, ng'ombe wawili na ulimi usiolala njaa. Kaka yake, Anton, alipoacha kazi kwenye mashamba ya kahawa huko Moshi, miaka ile ya mwisho mwisho ya Mwingereza, alimletea mbegu zilizofungwa kwenye leso.

"Ni lusina," alimwambia. "Kule wanaipanda iwe kivuli cha kahawa, lakini mbuzi wanaipenda kama sukari. Ila punda usimpe. Akiizoea, nywele zote za mkia zinamtoka."

Tekla akapanda mistari nyuma ya nyumba. Majirani walicheka: mtu mzima analima vichaka, kana kwamba pori la miombo halitoshi! Mwaka wa pili kicheko kikaisha. Kiangazi kilipokausha majani kote, Tekla alikuwa akikata matawi mabichi, akiyachanganya na nyasi kavu, na ng'ombe wake wakaendelea kukamuliwa.

Ndipo mgeni alipoanza kuingia. Asubuhi moja Tekla alikuta ua wa miiba umebomolewa, matawi yametafunwa, na kwato za punda zimechorwa vizuri udongoni. Punda wa karibu alikuwa mmoja tu: yule mweupe wa Luhende, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, aliyempanda kwenda barazani kwa maringo kuliko mtu mwenye gari.

Tekla akaenda kwake. "Shikamoo, Mwanangwa. Punda wako anakula shamba langu."

"Marahaba. Punda wangu hufungwa. Hao ni digidigi."

"Digidigi wenye kwato za punda?"

"Una shahidi, Mama?"

Hakuwa naye. Akaaga kwa adabu, akarudi nyumbani, akalitazama lile pengo la ua. Badala ya kuliziba, akaondoa matawi mengine mawili ya miiba, mgeni asije akajikwaruza.

Haikuchukua muda mrefu. Kwanza shingo ya punda ilianza kuonekana kama ya kuku aliyenyonyolewa. Kisha mkia. Siku Luhende alipompanda kwenda kanisani, nyuma yao ulining'inia mkia mtupu kama kamba ya kisima, na wanakwaya wakashindwa kumaliza wimbo.

Luhende akaitisha baraza kwa hasira. "Punda wangu amerogwa!" alisema. "Leo mchawi atajulikana."

Tekla akasimama, akajitengeneza kanga polepole. "Mwanangwa, mimi sijui uchawi. Najua tu kwamba punda akila lusina kwa wingi, mkia hunyonyoka. Muulizeni kaka yangu Anton, huyu hapa, aliwaona punda wa namna hiyo kule Moshi kwa macho yake. Sasa, punda wako aliingia kwangu au hakuingia? Kama hakuingia, amerogwa kweli, na tumtafute mchawi. Kama aliingia, turudi nyumbani tukapike."

Watu wakamtazama Luhende. Luhende akautazama mkia.

"Huenda," alisema baada ya kukohoa, "aliingia mara moja."

"Ya mara moja haifiki mkiani, Mwanangwa."

Baraza zima lilicheka, hata wazee waliojitahidi kukunja nyuso. Wakaamua kwamba Luhende ajenge upya ua wa Tekla, kwa mikono yake. Akaujenga, akichomwa miiba, Tekla akimletea maji ya kunywa na kumsifu kwa kila ufito aliousimamisha, jambo lililomuuma kuliko miiba.

Wiki chache baadaye Eustadia, mke wa Luhende, alipita kwa njia ya nyuma kuomba mbegu.

"Yeye anajua?" Tekla aliuliza.

"Ataambiwa ni mbaazi."

Tekla alimpa konzi nzima na kumfundisha kuzimwagia maji ya moto kabla ya kuzipanda. Akamsisitizia pia asisahau kumfunga punda kamba. Kiangazi kilichofuata, maziwa yalipoanza kupatikana nyumbani kwa mwanangwa, Luhende aliyanywa, akaongezwa, akanywa tena, wala hakuuliza mbaazi gani zile zisizopikwa.