Maandishi Kifuani mwa Mayu

Studio yangu ilikuwa Bariadi mjini, chumba kimoja chenye pazia la bluu. Miaka ile ya soko huria mambo yalibadilika haraka. Pamba ilinunuliwa na yeyote mwenye mzani na lori, na Mwanza kulikuwa na maduka ya kamera za dijitali zilizotumika ughaibuni. Nikauza kamera yangu ya filamu, nikanunua moja ya hizo.

Mteja wa kwanza wa kamera hiyo alikuwa mkulima wa Migato aliyemleta mama yake, bibi ambaye hakuwa amewahi kupigwa picha.

"Mwangaluka," bibi alinisalimu, akakaa wima, kisha akaniuliza kama inauma.

"Haiumi, mayu," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma.

Alicheka, nami nikabonyeza hapo hapo.

Kwenye kioo kidogo cha kamera picha ilipendeza. Kwenye kompyuta iligoma kufunguka. Aliyekuwa na kamera kabla yangu aliipanga ihifadhi picha ghafi, zile zinazohitaji programu maalumu ya kuziandaa. Programu hiyo sikuwa nayo. Nikawaomba warudi Jumamosi.

Jumamosi haikufika, bibi akafariki. Asubuhi ya maziko yule mkulima alikuja na dada yake mkubwa. Walitaka picha ya kuweka juu ya jeneza.

Nilikuwa nimekusanya programu tatu kwa fundi kompyuta wa sokoni. Ya kwanza haikuitambua picha kabisa. Ya pili iliifungua, lakini uso ulitoka wa kijani kama jani la muhogo, na nilipoondoa rangi ukawa kama majivu, macho hayaonekani. Ya tatu iliitoa vizuri mno, hata makunyanzi ya kicheko. Ila haikuwa imelipiwa, na kila nilipohifadhi picha iliandika kwa Kiingereza, kuanzia kidevuni hadi kifuani: toleo la majaribio.

"Futa hayo maandishi, kaka," mkulima alisema.

"Nimejaribu, hayafutiki. Na nikikata hapo, kidevu nacho kinaondoka."

Dada aliangalia ile ya kijani, akarudi kwenye ile yenye maandishi.

"Mayu alikuwa mweusi," alisema. "Tupe hii."

Niliichapa, nikawasindikiza hadi Migato. Makaburini mjomba wao alimuuliza katekista yale maandishi yanasemaje. Katekista aliyasoma taratibu, akanitazama.

"Ni ya wenye studio," alijibu.

Mjomba akaridhika. Mimi nikatazama chini.

Baadaye umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta ikaungua na kila kilichokuwa ndani. Siku ya mnada yule dada alipita studio kuuliza kama nimepata programu nyingine. Nilimweleza kwamba sasa hata ile picha ghafi haipo, kwani kwenye kamera nilikuwa nimeshaifuta. Hakunilaumu. Alikaa kwenye benchi la wateja, kanga yake ameikunja magotini.