Picha ya bibi wa sebuleni

Leo nimemnyima mtu picha ya bibi yake mwenyewe.

Kaja dada kutoka Musoma, anakusanya picha za zamani za Wamenonaiti, Wakristo wa kwao waliowahi kuishi Pemba. Kaiona moja sebuleni, kaomba aipige kwa simu.

Nikamkaripia: "Huyo bibi yetu! Hatutoi sura za wanawake wetu."

Si huyo wa pichani kajifunika kitambaa kichwani, kama sisi Waislamu? Miaka yote namwombea rehema, jamani.

Kaniachia kikaratasi cha namba yake, kaondoka.

Mama akatoka jikoni. "Mwanangu, yule si bibi yako. Ni Bi Raheli, Mmenonaiti, jirani yetu Wesha kabla ya Mapinduzi. Nao walijifunika."

Nikakisoma kikaratasi. Jina lake naye: Raheli.

Nimempigia mara tatu, hapokei.

Nyie mngepokea?