Mawe ya Mama Marion

Mwaka huu Jael ameshuka ngazi mara tatu, na mara zote tatu alishushwa kwenye kiti cha plastiki na wanaume wanne wa kanisa lao. Anaishi ghorofa ya tatu, hapa mtaani Kianda, na nyonga yake ya kulia imelika hadi mfupa unasagana na mfupa. Huyu ni mwanamke aliyeuza samaki wa omena miaka ishirini akiwa amesimama, kibanda chake kando ya changu cha mboga, akinifokea kila nilipochelewa kufungua. Sasa dunia yake ni kitanda, ndoo, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

Daktari hakukataa kumpasua. Alisema tu damu yake ni kidogo. Kipimo kilikuwa saba, na upasuaji wa nyonga humwaga damu nyingi.

"Nikikufungua hivi itabidi tukuongezee damu ya watu, na akiba yenyewe iko chini," alimwambia. "Nataka uje na yako mwenyewe. Ikifika kumi na mbili, nitakuwekea kiungo kipya."

Akampa vidonge vya madini ya chuma, arudi baada ya wiki nane. Aliporudi ilikuwa saba na nusu.

Mimi sina subira, na sifichi. Nilimngoja binti yake, Marion, pale chini kwenye mfereji wa maji, nikamuuliza mbele ya wapangaji wote wa ploti kama anampa mamake dawa au anazitupa.

"Mi humpea kila asubuhi, anti," akasema. "Namwangalia akimeza."

"Na mbona damu haipandi?"

"Sijui, anti."

Nikamwambia watoto wa siku hizi wanachojua ni simu tu. Alibeba mtungi wake akapanda ngazi, na mimi nikajiona nimesema jambo la maana.

Sasa niseme na langu. Kila Jumanne na Ijumaa mimi huenda soko la Kawangware alfajiri kununua sukuma wiki, na kila niliporudi nilimletea Jael odowa, yale mawe laini ambayo wanawake hutafuna, hasa wakiwa wajawazito. Aliniomba mwenyewe. "Mama Timo, niletee kitu ya kutafuna. Hii mdomo inanisumbua sana." Ningemnyima vipi? Mtu amefungiwa huko juu, hana raha nyingine. Nilipanda, nikasukuma mawe yaliyofungwa kwenye karatasi chini ya mto wake, nikauliza hali, nikashuka. Aliyatafuna Marion akiwa kazini. Aliona haya bintiye ajue kwamba mama mzima anakula mawe kama mwenye mimba. Nami nilivyoona uso wake ukichangamka kila nilipoingia, nilijihesabu rafiki kuliko wote.

Safari ya tatu ya hospitali nilienda nao. Muuguzi, dada mmoja mpole aitwaye Wakarima, alisoma majibu: saba nukta nane. Akaweka kalamu chini.

"Mama, kuna kitu kingine unakula? Udongo? Mawe?"

Jael alinitazama mimi. Ilikuwa Ijumaa, na karatasi ya siku hiyo ilikuwa bado ndani ya mfuko wangu.

"Mimi ndiye humletea," nikasema.

Wakarima hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alieleza polepole kwamba chuma kikipungua mwilini, mtu huanza kutamani mawe, na mawe hayo yakifika tumboni huishika dawa isiingie kwenye damu. Kwa hivyo mama anatamani, anakula, damu inabaki chini, anatamani tena. Akaandika vidonge vingine na tarehe moja ya upasuaji, wiki nane mbele. Damu ikiwa haijafika kumi na mbili siku hiyo, nafasi atapewa mwingine, na Jael aanze foleni upya, ambayo ni mwaka na zaidi.

Marion alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilitamani aseme chochote, hata anitusi. Alishika tu kiti cha mamake na kumpangusa jasho. Jioni, kwenye ngazi, nilimwomba msamaha. "Ni sawa, anti," akasema, bila kunitazama.

Jumanne nilipanda mikono mitupu.

"Umeniletea?"

"Hapana."

"Hata kidogo tu? Ya leo. Kesho naacha."

"Hapana, Mama Marion."

"Nzilani." Hakuwa amewahi kuniita kwa jina langu. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Nzilani, tafadhali."

Nilikuwa mlangoni, mkono tayari kwenye pazia.

"Nitapita kesho," nikasema. "Mboga zinanyauka huko chini."

"Na mimi nikae na nini?"

Nilisimama nikihesabu mara nilizopanda huko, na nikagundua kwamba miezi yote hiyo sikuwa nimekaa kwenye chumba kile zaidi ya dakika kumi. Mawe nilikuwa nikimwachia ili niweze kuondoka.

Nikavua viatu, nikaketi ukingoni mwa kitanda. Tukatazama ukuta wa jirani, mimi na yeye, na haikuwa hata saa nne asubuhi.