Mstari wa Penseli

Juzi nilimwona mjukuu wangu akijaribu viatu dukani, nikakumbuka alasiri moja kule Temeke, enzi za Mwingereza. Viatu nilivyorithi kwa dada yangu vilikuwa vimenibana mpaka vidole vikatoka malengelenge, basi mama akanipeleka kwa fundi viatu. Kibanda chake kilinuka ngozi na nta. Fundi aliniambia nikanyage karatasi, akauzungushia mguu wangu mstari wa penseli, kisha akachukua kisu. Nilidhani amechora pa kukata.

“Babu, usinikate vidole!” nililia. Mama alicheka.

“Nakata ngozi, mjukuu wangu. Kiatu ndicho kinachoufuata mguu,” alisema fundi. Akachora mstari mwingine mbele ya vidole. “Na hapa ni pa kukulia.”

Niliitazama ile nafasi, nikajiuliza amejuaje kwamba nitakua.